Nyufa kwenye Nyumba Unayotaka Kununua: Zinasema Nini, na Nani Azikague Kabla Hujalipa

Dalali wa nyumba ana majibu matatu kwa kila ufa: "Bosi, hiyo ni plasta tu," "Nyumba zote za huku ziko hivyo," na "Fundi akipitisha skimu (ule unga laini wa kusawazishia ukuta kabla ya rangi) siku moja, imeisha." Shida ni kwamba mara nyingi anasema kweli. Nyufa nyingi utakazoziona kwenye nyumba za Dar, Dodoma au Kitengela ni za plasta kweli, na hazina madhara. Kazi yako ni kuzitambua zile chache zinazotoka chini, kwenye msingi, maana hizo ndizo zinazomla mnunuzi fedha baada ya hati kubadilishwa jina.

Niseme msimamo wangu mapema. Watu huuliza kwanza ufa una upana gani. Mimi naanza na kama ufa bado unatembea, halafu nini kinausukuma. Ufa wa milimita 6 uliotulia tangu nyumba ilipokaa miaka mingi iliyopita naweza kuuvumilia. Ufa wa milimita 2 uliozaliwa masika iliyopita unanitia wasiwasi zaidi.

Siku ya kwenda kuona nyumba beba tochi yenye mwanga mkali, rula ya milimita, penseli, pima maji (kifaa cha fundi cha kupimia usawa) na gololi moja. Simu ya kupiga picha unayo tayari.

Dalili ya kwanza si ufa, ni rangi mpya

Methali inatuambia tuzibe ufa tusije tukajenga ukuta. Kwa nyumba inayouzwa, ufa uliozibwa ndio wa kuogopa. Ukiona chumba kimoja kimepakwa rangi wiki iliyopita na vingine vitatu vina rangi ya zamani, jiulize kwa nini. Vivyo hivyo kabati zito lililosukumwa kwenye kona isiyo ya kabati, au vigae vipya kwenye nusu ya sebule.

Zima taa, funga mapazia, kisha laza tochi ubavuni mwa ukuta ili mwanga uteleze juu yake badala ya kuupiga usoni. Ufa uliojazwa skimu utajitokeza kama mchirizi uliovimba kidogo, mara nyingi ukianzia pembe ya dirisha. Upapase kwa kidole. Kama juu ya kiraka hicho pameanza kupasuka tena, hata kwa upana wa unywele, umepata ushahidi mzito kuliko vipimo vingi: aliyeziba alidhani umekwisha, nao haukwisha.

Halafu toka nje. Wauzaji hupamba ndani na kusahau nyuma ya nyumba, upande wa shimo la choo na tenki la maji. Mimi huanza ukaguzi huko. Tazama pia milango: ule uliopigwa randa juu, ukingo wake mbao tupu isiyo na rangi, uliwahi kugoma kufunga kwa sababu fremu ilipinda. Dirisha la alumini lisiloteleza na mlango unaojifungua wenyewe ni ndugu wa dalili hiyohiyo.

Kama uko Muscat au Leicester na ndugu yako ndiye anayekwenda kuona, mwombe video moja isiyokatwa, akizunguka nyumba yote kwa nje akiwa karibu na ukuta, kuanzia chini. Picha nzuri za sebule hazina faida kwako.

Nyufa nyembamba zilizotapakaa bila mpangilio

Hizi ndizo za plasta. Mchanganyiko ulikuwa na saruji nyingi, au ukuta ulipigwa plasta jua kali na haukumwagiliwa maji siku zilizofuata, ukakauka haraka na kusinyaa. Gonga kwa kifundo cha kidole. Ukisikia mlio mtupu, plasta imeachia ukuta na itabidi ibanduliwe na kupigwa upya pale. Haya ni mambo ya kupunguziana bei kidogo. Endelea na ukaguzi.

Ufa wa wima, umenyooka, mahali vitu viwili vinapokutana

Unauona pale nguzo ya zege inapokutana na ukuta wa tofali, au pale chumba kilichoongezwa kinapokutana na nyumba ya awali. Kwenye nguzo sababu ni kwamba zege na tofali havipanuki wala kusinyaa sawa, na fundi hakuweka wavu kabla ya plasta. Hiyo ni ndogo.

Kwenye chumba cha nyongeza simama kidogo. Kwetu watu hujenga kidogo kidogo: vyumba viwili mwaka huu, "master" baadaye, baraza mwisho. Kila kipande kina msingi wake, uliochimbwa kwa kina tofauti, na wakati mwingine fundi wake. Pima ufa juu karibu na dari na chini karibu na sakafu. Ukiwa sawa kote, ni kwamba tu vipande viwili havikufungwa pamoja kwa nondo. Ukiwa mpana juu na mwembamba chini, nyongeza inaegemea nje, yaani msingi wake unazama. Hapo tayari ni suala la mhandisi.

Ufa wa mshazari: unapanda ngazi kwenye viungo vya tofali, au unakata kutoka pembe ya dirisha

Hapa ndipo penye mambo. Ufa wa mshazari maana yake sehemu moja ya msingi imeshuka, au imeinuliwa, kuliko nyingine. Vitabu vingi vilivyoandikwa kwa nyumba za matofali ya kuchoma husema ufa wa msingi hupanda ngazi kwa kufuata viungo. Usiutegemee sana mchoro huo hapa. Tofali zetu nyingi za mchanga na saruji ni dhaifu kuliko mchanganyiko wa saruji uliozishika, kwa hiyo ufa hupita katikati ya tofali na kunyooka. Dawa ni kuangalia upande wa pili wa ukuta, mahali palepale. Ufa uliopo ndani na nje si wa plasta. Kisha ufuate kwa macho hadi chini: je, unaishia juu ya jamvi (zege la sakafu), au unaingia kwenye mistari ya tofali za msingi?

Upana wake unakuambia nini kimesogea. Ukiwa mpana juu, mwisho wa ukuta ndio unaoshuka. Ukiwa mpana chini, katikati ndiyo iliyozama kuliko pembeni. Andika vipimo vyote viwili, maana mhandisi atakuuliza.

Sasa sababu. Ya kwanza kuiwazia ni udongo mweusi wa mbuga, ambao Wakenya huuita kwa Kiingereza "black cotton". Upo Kitengela, Athi River na Syokimau. Kwa Tanzania, Dodoma na Kibaha ni maeneo yanayojulikana kwa udongo unaovimba. Ukilowa hunyonya maji na kuvimba, ukikauka husinyaa na kupasuka ardhi kwa mipasuko ambayo mtoto huingiza mkono. Msingi mfupi uliokaa juu yake hupanda na kushuka kila mwaka. Ndiyo maana wajenzi wenye akili huuchimba wote hadi wakute murram (udongo mgumu wa changarawe) au mwamba, au humwaga msingi wa zege wa eneo zima. Waulize majirani waliojenga: "Ninyi mlichimba hadi wapi?" Kama wote wanataja kina kikubwa na muuzaji anasema "futi mbili tu zilitosha," una jibu lako.

Udongo huu una ujanja mmoja. Kwa kawaida nyufa hufunguka mwisho wa kiangazi na kujibana mwisho wa masika. Nyumba uliyoonyeshwa mwezi wa tano inaweza kuonekana imepona kabisa. Kama unaweza kuchagua, itazame mwezi wa tisa au wa kumi.

Sababu ya pili ni maji. Paa lisilo na mifereji humwaga maji palepale kwenye miguu ya ukuta, msimu baada ya msimu, yakala udongo chini ya msingi. Bomba linalovuja chini ya jamvi hufanya kazi hiyohiyo bila kuonekana. Funga mabomba yote ya nyumba kisha utazame mita, kama bado inazunguka kuna mahali panapovuja. Shimo la choo lililochimbwa karibu na kona ya nyumba nalo ni la kutiliwa shaka, hasa ufa ukiwa kwenye kona hiyo. Habari njema ni kwamba mara nyingi tatizo la maji hutibika kwa bei ya chini kuliko mengine.

Ya tatu ni kifusi. Kiwanja kilikuwa machimbo ya mchanga, jalala, au mkondo wa maji uliojazwa, na hakuna aliyeshindilia. Kwenye miteremko kama ya Goba na Kimara kuna aina nyingine: nusu ya kiwanja imekatwa kwenye kilima, udongo wake ukamwagwa mbele kusawazisha nusu ya pili. Nyumba inakaa nusu juu ya ardhi ngumu, nusu juu ya udongo wa kumwaga, na ufa hutokea karibu na mstari zinapokutana. Mzee wa mtaa aliyekaa hapo tangu kuna mashamba atakueleza historia ya kiwanja vizuri kuliko karatasi yoyote. Dakika kumi barazani kwake zina thamani.

Miti mikubwa iliyo karibu na ukuta hunyonya maji kwenye udongo wa mfinyanzi na kuufanya usinyae upande mmoja. Lakini usikimbilie kuahidi kuukata ukishanunua. Ukikata mti mkubwa kwenye udongo unaovimba, maji yaliyokuwa yakinyonywa hurudi, udongo huinuka, na nyumba hupasuka kwa mara ya pili kutoka upande wa pili. Muulize mhandisi kwanza.

Na kama nyumba iko Kagera, tazama kuta kati ya dirisha na dirisha. Nyufa mbili za mshazari zinazopishana na kufanya alama ya X ni za kutikiswa ubavuni. Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 karibu na Bukoba lilikuwa na ukubwa wa 5.9, likapasua majengo mengi, na baadhi ya kuta zilipakwa plasta tu maisha yakaendelea.

Ufa wa kulala

Ukiwa juu kabisa, chini ya mkanda (boriti ya zege inayozunguka juu ya kuta) au chini ya paa la zege, mara nyingi ni joto: zege linapigwa na jua, linapanuka, linavuta ukuta. Unaudhi, unavujisha mvua, hauangushi nyumba.

Ukiwa chini, kwenye ukuta wa msingi uliopandishwa ili nyumba ya mteremkoni isawazike, ni habari nyingine. Ukuta ule umeshikilia udongo nyuma yake, na udongo ukilowa husukuma. Weka pima maji wima juu ya ukuta. Ukikuta umetokeza tumbo nje, na ufa uko katikati ya tumbo hilo, usiendelee kujadili bei siku hiyo. Hii ni dalili mojawapo ambayo ningemwita mhandisi hata kama nyumba si yangu na sitainunua, kwa ajili ya wanaolala ndani.

Ufa unaofuata nguzo au mkanda, wenye madoa ya kutu

Nyumba za pwani, kuanzia Tanga na Mombasa hadi Mtwara, zina ugonjwa huu. Chumvi imeingia kwenye zege, ama kwa upepo wa bahari ama kwa sababu fundi alitumia mchanga wa ufukweni. Nondo inapata kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwepo, hivyo zege hupasuka kwa kufuata nondo na mwishowe vipande hudondoka. Kuziba ufa huu kwa saruji ni kuficha tu; kutu inaendelea chini. Kwenye nyumba ya ghorofa, ufa wowote ulioko kwenye nguzo au boriti, wenye kutu au usio na kutu, ni wa mhandisi moja kwa moja. Usiupime mwenyewe ukaamua.

Ufa wa sakafu

Weka gololi katikati ya chumba. Ikikimbilia ukutani, ama katikati pamevimba ama pembeni pamezama. Mwanya kati ya sakafu na kigae cha pembeni, pamoja na mlio mtupu ukigonga, unaonyesha kifusi chini ya jamvi hakikushindiliwa kikazama. Jamvi laweza kuzama bila msingi wa kuta kuguswa. Angalia kama kuta zenyewe ni nzima.

Kujua kama ufa unatembea

Piga kistari cha penseli kwenye ncha mbili za ufa, andika tarehe, pima upana sehemu tatu, piga picha rula ikiwa imelala juu ya ufa. Rudi baada ya wiki kadhaa. Njia ya zamani ya kubandika kipande chembamba cha kioo kukatisha ufa bado inafaa: ufa ukitembea, kioo huvunjika.

Mnunuzi kwa kawaida hana muda huo, kwa hiyo soma kingo. Kingo kali, safi, rangi yake ndani kama ya saruji mpya, ni ufa wa karibuni. Ndani ya ufa mkiwa na rangi ya zamani, vumbi na nyumba za wadudu, ni wa siku nyingi.

Kuhusu upana, wahandisi wengi hutumia ngazi za kituo cha utafiti wa majengo cha Uingereza, BRE, katika Digest 251: hadi milimita 1 ni wa kurekebishwa wakati wa kupaka rangi; hadi 5 hujazwa kirahisi; kati ya 5 na 15 huhitaji kufungua na kujenga upya sehemu; 15 hadi 25 ni matengenezo makubwa; zaidi ya 25 ni hatari ya uthabiti wa jengo. Ngazi hizo zinapima uharibifu uliokwisha kutokea na ugumu wa kuutengeneza. Hazikuambii kesho ufa utakuwaje, na ndiyo sababu bado unahitaji mtu.

Mtu gani, hasa?

Watu wengi hujikwaa hapa. Benki ikituma mthamini, mnunuzi hupumua: "Nyumba imekaguliwa." Haijakaguliwa. Mthamini anapima bei ya soko ili benki ijue mkopo wake una dhamana kiasi gani. Anaweza kuandika "kuna nyufa" na kuishia hapo, na kazi yake ameifanya sawasawa.

Fundi anajua kuziba. Mkandarasi atakayelipwa kutengeneza ana sababu ya kuona kazi kubwa, na fundi wa muuzaji ana sababu ya kuona kazi ndogo. Unayemtaka ni mhandisi wa ujenzi mwenye uzoefu wa miundo na misingi, aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi (ERB) Tanzania, au Bodi ya Wahandisi Kenya (EBK). Chukua namba yake ya usajili na uihakiki kwenye rejesta ya bodi. Kwa Tanzania tofautisha mhandisi mhitimu na mhandisi mtaalamu. Wa kutia sahihi ripoti yako ni wa pili. Mlipe wewe, si dalali, si muuzaji.

Kabla ya kukubaliana bei muulize kama inajumuisha kuchimba na maabara. Ukaguzi wa macho peke yake unafaa kuchuja, lakini penye ufa wa mshazari unaoingia msingini lazima shimo lichimbwe kando ya ukuta hadi kitako cha msingi kionekane. Hapo ataona kina halisi, upana wa zege la chini, na udongo uliolibeba. Sampuli ya udongo hupelekwa maabara, kama Maabara Kuu ya Vifaa ya TANROADS (wakala wa barabara Tanzania) au za vyuo vikuu vya uhandisi, kupimwa unavimba kiasi gani. Atapima pia usawa wa sakafu na, penye nguzo, ugumu wa zege na nondo zilivyofunikwa. Mpe ramani na kibali cha ujenzi kama vipo.

Shimo linahitaji ruhusa ya mwenye nyumba. Liombe kwa heshima, uahidi kulifukia na kusawazisha. Muuzaji anayejiamini hukubali akilalamika kidogo. Anayekataa kabisa, huku akipunguza bei ghafla ili mmalizane leo, amekupa taarifa ambayo mhandisi angekutoza fedha kuipata.

Ripoti iwe ya maandishi, yenye sahihi na muhuri, na ijibu mambo manne: sababu ni nini, ufa bado unatembea au umetulia, nini kifanyike kwa mpangilio gani, na makadirio ya gharama. Ripoti inayosema "nyumba iko katika hali nzuri kwa ujumla" irudishe.

Ripoti ikishatoka

Usitoe advansi kabla yake. Kama muuzaji anashinikiza, mwambie wakili aweke kwenye mkataba kwamba fedha zinarudi ripoti ikionyesha kasoro ya msingi.

Sababu ikiwa maji, dai bei ipungue kwa gharama ya mifereji, kuhamisha shimo, kutengeneza bomba na kusakafia kuzunguka nyumba. Fanya hayo kwanza, acha msimu mmoja wa mvua upite, ndipo ufa uzibwe au ushonwe kwa vyuma. Anayeziba kwanza ataziba tena.

Sababu ikiwa msingi mfupi juu ya udongo mweusi au kifusi, tiba mojawapo ni kupeleka zege chini ya msingi uliopo hadi ardhi ngumu, kipande kwa kipande cha kama mita moja, kwa kurukaruka ili nyumba isibaki hewani. Ni kazi ya gharama, ya wiki nyingi, na haitaki fundi wa kubahatisha. Weka gharama hiyo juu ya bei ya nyumba, kisha ulinganishe na kiwanja kitupu mtaa uleule pamoja na kujenga. Mara nyingi hesabu hiyo peke yake inamaliza mjadala nyumbani.

Ukinunua, siku ya kukabidhiwa funguo piga picha kila ufa, rula juu yake, tarehe ionekane, na uzihifadhi pamoja na ripoti. Zipige tena mwisho wa kiangazi na mwisho wa masika. Tofauti ikizidi milimita moja, mtumie mhandisi yuleyule seti zote mbili kabla hajaja.